Holy Isle: kisiwa cha watu wanaojizuia

Mwenye kisiwa alikuwa mama Mkatoliki, na aliyemwagiza akiachie, kwa maelezo yake mwenyewe, ni Bikira Maria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama huyo aliwatafuta watawa wa Kibudha wa Samye Ling, kusini mwa Uskoti, akawaeleza kuwa ametokewa usingizini na kuambiwa kisiwa chake kiende kwa lama wao, yaani mwalimu wao wa dini, kiwe mahali pa sala na amani. Lama mwenyewe, Mtibeti aitwaye Yeshe Losal, hakuwa na fedha za namna hiyo. Lakini hakumcheka. Alipovushwa kwenda kukiona, siku za baridi kali, alisema hapa anapajua: alikwisha kupaona miaka kumi hivi nyuma, katika njozi za mafungo yake marefu kule Woodstock, jimbo la New York.

Ndoto hizo mbili kila mtu atazipokea kwa kadiri ya imani yake, au ya mashaka yake. Kilichofuata ni jambo la kawaida kabisa, nalo ni bei. Mama alikuwa akitaka kubwa zaidi. Wakapatana pauni 350,000, michango ikapitishwa, na mwaka 1992 kisiwa kizima kikawa mali ya Wabudha. Msomaji wa Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini tu, huenda akairudia sentensi hiyo. Uskoti kisiwa kina mwenyewe, na mwenyewe akichoka nacho hukitia sokoni.

Kinaitwa Holy Isle, Kisiwa Kitakatifu, na utakatifu huo hakikuupata kwa Wabudha. Kiko katika lango la bahari la mto Clyde, magharibi mwa Uskoti, mbele ya kijiji cha Lamlash kwenye kisiwa kikubwa cha Arran. Urefu wake ni kilomita 3 hivi, na upana kama kilomita 1. Kwa udogo huo kimebeba mlima: kilele cha Mullach Mòr kina mita 314, na kinapanda moja kwa moja kutoka majini. Mgongo huo wa mawe umeikinga Ghuba ya Lamlash upande wa mashariki, ukaifanya bandari ya asili. Nje bahari ikichafuka, ndani vyombo vinatulia. Karibu kila aliyeingia katika historia ya kisiwa hiki aliingia akikimbia upepo, au akiwakimbia watu.

Mtakatifu Molaise aliwakimbia watu. Aliishi mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7, na kwa mapokeo mama yake alikuwa binti wa Áedán, mfalme wa Dál Riata, dola iliyokaa pande zote mbili za bahari kati ya Ayalandi na Uskoti. Kijana alipoona kiti cha enzi kinamsogelea, alivuka maji akaingia pangoni. Pango lenyewe lipo hadi leo, chini ya jabali la mawe ya mchanga, juu kidogo ya ufuko, likitazamana na Lamlash. Karibu nalo kuna chemchemi iliyosadikiwa kuponya wagonjwa, na jiwe kubwa bapa ambalo pembeni yake zimechongwa nafasi za kukaa. Jina la kijiji cha ng'ambo ni masalio ya jina lake.

Molaise hakubaki pangoni maisha yake yote. Alitoka, akaenda Roma, akaishia kuwa abati wa Leighlin nchini Ayalandi, na katika mabishano makubwa ya zama zake alikuwa upande wa waliotaka Pasaka ihesabiwe kwa kalenda ya Roma, si kwa hesabu ya zamani ya Waayalandi. Husimuliwa kwamba kabla ya kufa aliomba augue maradhi 30 kwa mpigo mmoja, ili deni la dhambi zake liishie hapahapa duniani asipitie toharani. Watu wa namna hiyo si rahisi kuishi nao. Pengine lile pango lilikuwa hisani kwa majirani.

Karne sita baadaye ghuba ilijaa matanga. Mwaka 1263 Mfalme Haakon wa Norwe alileta kundi kubwa la merikebu kuvitetea visiwa vya magharibi mwa Uskoti, ambavyo wakati huo vilihesabiwa kuwa milki yake, na merikebu hizo zikatia nanga Lamlash. Wajumbe wakaanza kupelekana maneno ya amani na mfalme wa Waskoti. Katika kungoja huko, mmoja wa wakuu wa Haakon, Vigleikr, aliingia katika pango la mtakatifu akachonga ukutani jina lake na cheo chake kwa herufi za runi. Bado yanasomeka. Mazungumzo yalivutwa mpaka majira ya dhoruba yakawadia. Upepo ukazitupa merikebu kadhaa kwenye pwani ya Largs, watu wakapigana pale mwanzoni mwa Oktoba, Haakon akageuza vyombo vyake, na Desemba akafia Orkney. Mwaka 1266, kwa Mkataba wa Perth, Norwe iliviachia visiwa hivyo kwa malipo ya fedha. Katika vita vyote vile, kilichodumu ukutani ni kazi ya mtu aliyekuwa amechoka kungoja.

Kuna jambo ambalo maandishi ya utalii hulipita haraka. Mgeni huiona Uskoti ya magharibi ilivyo tupu, vilima bila nyumba, mabonde bila moshi, akadhani ni maumbile. Sehemu kubwa ya utupu huo ni kazi ya watu. Mwezi Aprili 1829 merikebu iitwayo Caledonia iling'oa nanga Lamlash ikiwa na familia za wakulima kutoka bonde la Sannox, kaskazini mwa Arran, walioondolewa na mwenye ardhi, Duke wa Hamilton, ili mashamba yao yawe malisho ya kondoo. Wakaishia Megantic, mkoa wa Quebec nchini Kanada, wakaanza kufyeka msitu. Mawe ya kumbukumbu yao yamesimamishwa Lamlash, upande wa bahari, na anayeyasoma akiinua macho anaiona Holy Isle. Molaise alichagua kukaa peke yake. Wale wa Sannox hawakuulizwa.

Baada yao zikaja manowari. Ghuba ilitumiwa na jeshi la majini la Uingereza katika vita vya karne ya 20, na katika Vita Kuu ya Pili kikosi namba 11 cha makomando, cha Waskoti, kilipiga kambi Lamlash kikifanya mazoezi ya kutua ufukoni na kupanda majabali. Kwa hiyo Wabudha walipofika hawakukuta mahali palipokuwa kimya tangu enzi. Walikuta mahali ambapo kelele ilikuwa imekwisha kuondoka.

Yeshe Losal naye alikuwa na mbio zake za kueleza. Alizaliwa mwaka 1943 katika Kham, mashariki mwa Tibet, familia ya wakulima na wafugaji. Kaka yake, Akong, alikuwa ametambuliwa tangu utotoni kuwa lama mkubwa aliyerudi duniani, akalelewa katika monasteri. Mdogo akapelekwa kuungana naye, na kwa simulizi yake mwenyewe hakuyapenda maisha hayo hata kidogo. Mwaka 1959, majeshi ya Uchina yalipoikaba Tibet, ndugu hao wawili na lama kijana mwingine, Chögyam Trungpa, waliingia milimani na msafara uliofikia watu 300 hivi. Walitembea kwa miezi, usiku mara nyingi, wakiwakwepa askari. Chakula kilipokwisha walichemsha ngozi za mifuko na viatu wakanywa mchuzi wake. Kwenye mto Brahmaputra walijaribu kuvuka gizani kwa mitumbwi ya ngozi, wakashambuliwa. Wengi walikamatwa au kuuawa. Waliofika India pamoja naye, anasema Lama Yeshe, walikuwa 13.

India ilimpa kifua kikuu, na pafu lake moja likaharibika. Trungpa na Akong walifika Uingereza mwaka 1963. Trungpa akasoma Oxford, na Akong, lama aliyezoea kuinamiwa na umati, akawa mhudumu wa wodini katika hospitali ya mji huo ili wapate kodi na chakula. Mwaka 1967 wawili hao walikabidhiwa nyumba ya zamani ya wawindaji huko Eskdalemuir, kusini mwa Uskoti, wakaiita Samye Ling. Ilikuwa mojawapo ya monasteri za kwanza za Kibudha za mapokeo ya Kitibeti kuanzishwa katika nchi za Magharibi. Hippi wakamiminika. David Bowie, kabla dunia haijamjua, alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kujifunza huko, na aliwahi kufikiria kuwa mtawa.

Yeshe Losal alifika mwaka 1969, naye akawa kila kitu isipokuwa mtawa. Nywele ndefu, bangi, magari ya kasi, wasichana. Hayo si maneno ya wambeya. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 2020. Kijana aliyepoteza nchi, wazazi na afya kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa na hasira ya kutosha, na Uskoti ya wakati ule ilikuwa na starehe za kutosha kuifunika. Kaka yake alimvumilia, kisha akampeleka Marekani kumtumikia Karmapa, mkuu wa madhehebu yao. Huko Woodstock, mwaka 1980, akanyolewa, akavaa joho la utawa, akajifungia kwa miaka. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Aliporudi Samye Ling katikati ya miaka ya 1980, yule yule aliyekuwa akikimbiza magari ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwasimamia watu waliojifungia mafungo ya miaka mingi.

Hapo ndipo ndoto ya mama Mkatoliki ilipomkuta. Samye Ling ilikuwa imejaa, barabara ilikuwa karibu, wageni walikuwa wengi, na lama alikuwa anatafuta mahali pa kuwaficha wanafunzi wake.

Wabudha walikigawa kisiwa kwa namna inayoeleweka ukikiangalia kutoka majini. Kaskazini, ambako gati liko na feri hufika, nyumba kongwe ya shamba ilitengenezwa na kupanuliwa ikawa Kituo cha Amani na Afya cha Dunia, kilichofunguliwa mwaka 2003. Humo hulala mtu wa dini yoyote, au asiye na dini, na hufanyika mafunzo ya tafakuri, yoga na mengineyo. Katikati, mlima na mwambao, ni hifadhi ya wanyama na miti. Kusini ndiko kwenye moyo wa jambo lenyewe, na mgeni haruhusiwi kuingia.

Kule kusini kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1877, na nyumba za walinzi wake. Taa zilipoanza kujiendesha zenyewe walinzi waliondoka, nyumba zikabaki, na sasa ndimo wanamojifungia wanawake walio katika mafungo marefu. Mapokeo ya Kitibeti yana kipimo chake: miaka mitatu na miezi mitatu. Anayeingia hatoki. Haendi dukani, hasomi gazeti, hajui nani ameshinda uchaguzi. Anaamka kabla ya alfajiri, na siku yake hugawanywa katika vipindi vinne vya tafakuri na sala, katikati kukiwa na chakula na kazi ndogo ndogo. Kwa desturi ya kale analala akiwa ameketi ndani ya kisanduku cha mbao, hicho hicho anachokalia mchana.

Wasiojua hudhani watu hawa wamekaa tu. Hebu tuchukue sehemu moja tu ya mazoezi ya kuanzia. Mtu husimama, huunganisha viganja juu ya kichwa, kooni na kifuani, hujilaza kifudifudi mpaka paji la uso liguse sakafu, husimama tena. Hiyo ni moja. Zinatakiwa 100,000. Anayefanya 300 kwa siku, bila kupumzika hata siku moja, atamaliza baada ya miezi 11. Magoti huvimba, viganja huota sugu, na katikati ya hayo akili, ambayo ndiyo hasa inayofanyiwa kazi, hulalamika kwa sauti isiyozimwa na redio wala simu. Baada ya hizo huja mara 100,000 za sala ya kutakasa, na 100,000 za sadaka, na kadhalika. Ukitoa joho na lugha ya Kitibeti, Molaise angeielewa ratiba hiyo pasipo mkalimani.

Kwamba walioko kusini ni wanawake kuna uzito wake. Katika mapokeo ya Kitibeti mwanamke aliweza kuwa mtawa wa ngazi ya awali, lakini daraja kamili la utawa wa kike halikuwahi kufika Tibet kutoka India, na bila hilo alibaki nyuma ya wanaume hata kama ni vijana wa kumzaa. Lama Yeshe hakulisubiri baraza la wazee. Mwezi Februari 1998, pale Bodh Gaya nchini India, mahali Budha alipopata mwanga, zaidi ya wanawake 100 kutoka nchi mbalimbali walipewa daraja hilo kupitia mapokeo ya Kichina, ambayo hayakuwa yamekatika, na watawa wa Samye Ling walikuwamo. Ubishi haujaisha katika madhehebu. Ila jambo limekwisha kufanyika, na mtu aliyewahi kusikia mjadala wa daraja la wanawake katika kanisa lolote ataijua mbinu hiyo: tangulia, maelezo yatafuata.

Njia ya miguu inayotoka gatini kwenda kusini hupita kando ya maji, chini ya mlima, mbele ya pango la Molaise. Kwenye majabali yake imechorwa michoro ya rangi ya Budha na watakatifu wa Kitibeti: Tara wa kijani, Milarepa mkaapweke wa theluji na mkono wake sikioni, Marpa mwalimu wake. Karibu na gati kuna mnara mfupi mweupe wa ibada, na bendera za sala zinachanika taratibu kwa upepo, kama zinavyotakiwa. Mskoti wa kizazi cha zamani, aliyelelewa katika kanisa la Kipresbiteri lisilo na sanamu hata moja ukutani, ana haki ya kushangaa kidogo. Mimi naona michoro hiyo imekaa vizuri zaidi kuliko jina la Vigleikr, ingawa miaka 700 ikipita wataalamu watailinda yote kwa kioo kimoja.

Anayeshuka botini hutakiwa kukubali mambo matano kwa muda wote atakaokuwa kisiwani: asiue kiumbe, asichukue asichopewa, asiseme uongo, asizini wala kumdhulumu mtu kwa tamaa ya mwili, asitumie kilevi, sigara ikiwamo. Ni amri tano za kawaida za Mbudha wa kawaida, na nne kati yake msomaji wetu, Mwislamu au Mkristo, amezisikia tangu chuoni au katekesimu. Ile ya kwanza ndiyo nzito, kwa kuwa humu kisiwani imeandikwa kwa maana yake yote. Haisemi usiue mtu. Inasema usiue.

Kisiwa kina mbuzi weupe wa asili ya Saanen ambao wamegeuka wa mwituni, farasi wadogo wa Eriskay, na kondoo wa Soay, wadogo wa rangi ya kahawia ambao damu yao haijachanganywa sana tangu kale. Hakuna anayewachinja, na jikoni hakupikwi nyama. Wakati huohuo watawa na watu wa kujitolea wamepanda miche kwa maelfu mengi, mialoni, mibetula na jamii nyingine za asili, kukirudishia kisiwa msitu uliokwisha kwa karne za kukata na kulisha. Mfugaji yeyote wa Dodoma au Kajiado ataliona tatizo kabla sijamaliza sentensi. Mbuzi hula mche. Mahali pengine Uskoti jawabu ni bunduki: paa na mbuzi hupunguzwa kila mwaka ili msitu uote. Mbudha wa Holy Isle hana bunduki, ana uzio, mipaka ya kisiwa, na subira. Msitu wa namna hii hauoti haraka. Lakini watu waliojiwekea kipimo cha kusujudu mara 100,000 huenda ndio pekee wasiosumbuliwa na kasi ya mwaloni.

Nilitegemea hadithi iishie hapo ufukoni. Kumbe sehemu yake nzuri kupita zote iko majini, na watawa si walioianzisha.

Tangu mwaka 1889 nyavu za kukokota zilikatazwa maili tatu za kwanza kutoka pwani. Mwaka 1984 katazo hilo liliondolewa, vyombo vyenye nyavu na meno ya chuma ya kukwangua sakafu ya bahari vikaingia hadi ndani ya ghuba za Clyde, na baada ya miaka michache heringi na chewa waliojulikana na mababu walibaki kwenye picha za zamani. Lamlash ilikuwa maarufu kwa mashindano ya kuvua kwa mshipi. Samaki walipokwisha, mashindano nayo yakafa. Wazamiaji wawili wa kijiji, Howard Wood na Don MacNeish, walikuwa wakiiona sakafu yenyewe kwa macho. MacNeish alikwenda New Zealand mwaka 1989 akaona hifadhi ya bahari ambamo hakuna kinachotolewa, samaki wakiwa wakubwa na hawamwogopi mtu. Akarudi na wazo ambalo wavuvi wengi waliliona ni la kichaa: tuombe kipande cha bahari yetu kisiguswe na yeyote, pamoja na sisi.

Mwaka 1995 wakaunda jumuiya yao, COAST. Barua, vikao, mawaziri wanaobadilika, wizara inayosema itatazama. Ikachukua miaka 13. Mwezi Septemba 2008 serikali ya Uskoti ilitangaza eneo la kilomita za mraba 2.67, kati ya pwani ya Arran na upande wa kaskazini wa Holy Isle, kuwa marufuku kwa uvuvi wa aina yoyote: si nyavu, si dema, si mshipi wa mtoto anayekaa kwenye jiwe. Lilikuwa la kwanza Uskoti. Mwaka 2014 bahari inayozunguka kusini mwa Arran yote ikawekwa chini ya hifadhi pana zaidi, na mwaka 2015 Wood akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Eneo hilo lilichaguliwa kwa sababu ya kitu ambacho si samaki kabisa. Chini kuna mwani mgumu wenye chokaa, wa rangi ya waridi, unaotanda kama changarawe zenye matawi, na humo makombe machanga ya skalopu hujificha mpaka yakue. Mwani huo hukua kiasi cha milimita 1 kwa mwaka. Chuma kikipita mara moja kinafuta kazi ya karne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, ambao wamekuwa wakizamia na kuhesabu kwa miaka, wamekuta skalopu walio wengi zaidi, wakubwa na wenye umri mrefu ndani ya mpaka kuliko nje, na kambakoche vilevile. Kambakoche jike akiwa mkubwa hubeba mayai mengi sana kuliko mdogo, na mayai yakishaanguliwa mkondo huwatawanya watoto huko nje, kwa wavuvi wa madema. Kwa hiyo aliyekatazwa naye anakula.

Wasomi wa ikolojia wana maelezo yao ya jinsi mambo haya yanavyokwenda, lakini mimi kilichonivuta ni kwamba ufukwe mmoja umebeba watu wa aina tofauti kabisa walioamua jambo lilelile: mjukuu wa mfalme anayekataa kiti, mwanamke anayekataa hata habari za nje kwa miaka mitatu, wazamiaji wasio na joho wala rozari wanaoiomba serikali yao iwakataze. Hawakuwasiliana. Na kila mara, aliyejizuia alikuwa na kitu cha kupoteza.

Si kwamba kila kitu ni asali. Miaka mitatu bila kazi inahitaji mtu aliyeweka akiba au mwenye wafadhili, na wengi wanaopanda feri hiyo ni Wazungu wa tabaka la kati waliochoka, si wakimbizi wa Kitibeti. Mafunzo ya kupumua ya siku mbili kwa ada ni kitu kingine kabisa na mafungo ya kule kusini, japo yote yako katika kisiwa kimoja, na mauzo ya utulivu kwa watu wenye haraka ni biashara inayotakiwa kutazamwa kwa jicho kali. Jumuiya yenyewe imeonja ubaya wa dunia: Oktoba 2013 Akong, kaka mtu, aliyerudi mara nyingi Tibet kujenga shule na zahanati, aliuawa kwa kisu mjini Chengdu, Uchina, katika ugomvi wa madai ya fedha. Lama Yeshe, ambaye sasa amevuka miaka 80, alibaki peke yake kati ya waliovuka ule mto na kuiongoza Samye Ling. Atakayekirithi kisiwa hatakuwa na kumbukumbu ya kula ngozi ya viatu. Sijui kama hilo litabadilisha kitu, lakini monasteri nyingi za Ulaya zilianzishwa na watu wenye njaa na kumalizwa na watu walioshiba.

Anayetaka kwenda apande meli kutoka pwani ya Ayrshire hadi Brodick, bandari kuu ya Arran, safari ya saa moja hivi, kisha basi hadi Lamlash. Boti ndogo ya kuvuka ghuba hufanya kazi majira ya joto, na hata wakati huo upepo ndio wenye neno la mwisho. Kuvuka ni dakika kumi hivi. Viatu vya kupandia mlima, koti la mvua, chakula chako kama hulali, na mbwa abaki ng'ambo. Arran ina viwanda viwili vya wiski, cha Lochranza kilichoanza mwaka 1995 na cha Lagg cha mwaka 2019, na wenye navyo watakukaribisha kwa furaha. Chupa uinunue wakati wa kurudi.